Mfuko wa Kumi na Tisa

Mama yangu alikuwa aje saa kumi. Mimi nilifika dukani kwa Fundi, mchumba wangu, saa tisa, maana mwenye siri hakai nyumbani akatulia.

Mvua ilikuwa imeanza tangu asubuhi na haikuwa na nia ya kukoma. Fundi alikuwa amefunga duka mapema, ila mwenyewe bado yuko kwenye meza yake ya kazi, chini ya taa yenye shingo ndefu, mapazia yameshushwa kama siku zote. Jua na yeye hawapatani. Akilipata robo saa tu, mashavu humwiva na siku mbili zinazofuata huzimalizia kitandani. Mbele yake palikuwa na simu iliyopasuliwa tumbo, skrubu zake zimepangwa kwenye kifuniko cha chupa.

"Barafu," aliniita bila kuinua macho. "Njoo uone miujiza. Ila usinipumulie hapa, skrubu hizi ni nyepesi kuliko ahadi zako."

Nikasogea. Alikamata skrubu moja kwa kibano, akaitia kwenye tundu lake, akaikaza. Vidole havikutetemeka. Akaniangalia, akacheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo kwa mkono, na mimi nikacheka naye, huku moyoni nikijiona mtu mbaya.

"Wiki tano zilizopita," akasema, "kifungo cha blauzi nilikuwa nafungiwa na shangazi. Leo nimefunga simu tatu. Haya, sema wewe."

"Hongera, Fundi."

"Hongera tu? Mbona unaitoa kwa shida kama unang'olewa jino?"

Nikajifanya natafuta pa kutundika koti langu lililolowa.

Barafu ndiye mimi. Jina alinipa siku ya kwanza, nilipompelekea simu iliyoingia maji, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia nalinda mitungi ya baridi hospitalini. Ndani ya mitungi hiyo zimelala seli shina, zilizotolewa kwenye kamba za vitovu vya watoto wachanga ambao mama zao walikubali zitumike badala ya kutupwa. Nilimweleza hayo yote ili nimpendeze, na kweli yalimpendeza, lakini si kwa sababu niliyoitaka mimi. Aliniuliza swali moja tu: "Hizo seli zenu, zinafaa kwa lupus?"

Kwa asiyeijua, lupus ni ugomvi wa ndani ya nyumba. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, humgeukia mwenye mwili na kumshambulia viungo, ngozi, hata figo. Vidonge anavyomeza Fundi huwapiga askari hao wa kinga marungu wote kwa pamoja, wema na wabaya, na malipo yake ni uso kuvimba na mifupa kuchoka. Seli shina, kwa jinsi wakubwa wangu wanavyotumaini, hazimpigi mtu. Huingia, zikawatuliza askari, zikawakumbusha nyumba ni ya nani. Hilo lilikuwa bado linachunguzwa, na mimi kwa mkono wangu ndiye niliyemletea Fundi karatasi ya kujiunga na utafiti.

Wagonjwa walikuwa arobaini. Nusu yao wangetiwa seli, nusu maji ya chumvi matupu, na mifuko yote ilifungwa karatasi nyeusi ili mgonjwa asijue, muuguzi asijue, hata daktari asijue; tuliojua ni sisi tuliojaza. Baada ya miezi sita bahasha zingefunguliwa, na waliopata maji wangepewa seli kwa zamu yao. Atakayejua kabla ya hapo, anatolewa. Na mfanyakazi yeyote anayemfahamu mgonjwa lazima aseme mapema. Mimi sikusema. Nilijiambia mifuko ina namba, haina sura, nami nitatayarisha namba zangu bila kujua ipi ni ya mpenzi wangu.

Ujanja huo haukumaliza hata siku moja. Jioni ya siku aliyotundikiwa mfuko wake alirudi hapa dukani akicheka, na kwenye mkono wake wa kushoto kuna utepe wa plastiki wa hospitali, hataki kuuvua. Umeandikwa kumi na tisa. Na mfuko wa kumi na tisa nilikuwa nimeujaza mimi asubuhi, maji ya chumvi, mpaka kwenye mstari.

Nilipaswa kusema palepale. Nikapiga makofi.

Mwili wenye matumaini hufanya mambo, na madaktari wanalijua hilo, ndiyo sababu maji yale yanawekwa. Fundi alilala vizuri, akala, akaanza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Akaonwa na mama yangu.

Mama hakuwa amemkubali. Siku ya kwanza nilipompeleka nyumbani, uso wake ukiwa umejaa kwa vile vidonge, mama alimkaribisha vizuri, akamkalisha, halafu akamwambia mbele yangu: "Binti, sina ubaya na wewe. Lakini huyu ndiye mwanangu wa pekee, na nataka aoe mke, si wodi." Fundi akamjibu kwa upole kwamba hata yeye alitaka mama mkwe mwenye ulimi laini, lakini mtu hupewa alichopangiwa. Mama akacheka hadi akafuta machozi. Msimamo hakuubadilisha. Kisha wiki mbili zilizopita akakutana na Fundi njiani, anatembea mbiombio na mwavuli wake mweusi, akarudi nyumbani akaniuliza, "Kumbe anapona?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Kwa ndiyo hiyo, leo mama alikuwa anakuja kutoa baraka zake.

"Nisaidie," Fundi alisema akiinuka. "Nivae viatu hivi au vile? Hivi vinanibana tangu juzi, lakini ndivyo vizuri."

Akakaa kwenye kiti cha wateja akanyoosha mguu. Nikapiga goti kumfunga kile kikanda cha kiatu, na kikanda hakikufika tunduni. Nyama ya mguu ilikuwa imefura pande zote. Nikambonyeza kidogo kwa kidole gumba juu ya kifundo, nikaachia, na shimo likabaki palepale, halirudi.

"Fundi, miguu imevimba."

"Nimesimama tangu alfajiri, napiga deki, nafuta vioo. Mama mkwe anakuja, wewe ulitaka nilale?"

"Mkojo unautazama?"

"Ala! Mwanamume gani anamuuliza mchumba wake habari za mkojo siku kama ya leo?"

"Una povu?"

Akauvuta mguu wake taratibu kutoka mikononi mwangu.

Nikasimama, nikaenda kwenye rafu, nyuma ya boksi la chaja mbovu, ambako huweka dawa zake. Paketi ilikuwa nzima. Nikaitoa ya pili, nayo ni nzima.

"Umeacha lini?"

"Nilianza kupunguza wiki ya tatu. Sasa ni siku ya sita simezi hata kimoja." Alisema kwa fahari, kama mtoto aliyeoga mwenyewe. "Niangalie uso, Barafu. Huoni? Huu ndio uso wangu. Hujawahi kuuona. Ulinikuta tayari nimekuwa puto."

Nilimwangalia. Alikuwa mzuri kuliko alivyojua, na chini ya macho palikuwa na uvimbe mwingine, wa maji, ambao yeye alidhani ni usingizi.

"Meza sasa hivi. Halafu twende hospitali."

"Nimeze nini? Wewe mwenyewe ndiye mwalimu wangu. Seli zinaingia, zinawatuliza askari. Askari wametulia. Ya nini tena marungu?"

"Daktari hakukwambia uache."

"Daktari hatanipatia mume. Mama yako aliniona na uso ule akaniita wodi. Leo nataka anione mimi. Leo tu, Barafu. Kesho nitamuuliza daktari."

"Hujui kama ulipata seli."

"Najua."

"Huwezi kujua. Hata daktari hajui."

"Nilizihisi." Akauweka mkono kifuani. "Walipofungua dripu, mkono mzima uliingia baridi, halafu ikapanda mpaka hapa. Nikasema moyoni, hawa hapa, wamefika."

Kila dripu ina baridi. Nilikuwa naweza kumwambia hivyo tu, nikaishia hapo. Badala yake nikarudia, "Meza vidonge, tafadhali," na sauti ikanitoka nyembamba.

"Una nini wewe?" Sasa alikuwa amekasirika. "Tangu nianze kupata nafuu hunifurahii. Nikicheka unaangalia chini. Nikikuonyesha vidole unaangalia mlango. Au ulizoea mgonjwa? Kuna wanaume wa hivyo, wanapenda mwanamke anayeshikwa mkono kwenye ngazi."

"Usiseme hivyo."

"Nitasema. Niambie basi unataka nini."

"Nataka uishi!"

Nilipiga kelele, na mimi si mtu wa kelele. Skrubu zikatikisika kwenye kifuniko. Yeye hasira zikamshuka, akanishika mkono akanikalisha kando yake. Afadhali angenipiga kofi.

"Naishi, Barafu. Ngoja nikwambie kitu, usinicheke. Kila asubuhi, kabla sijafungua duka, namshukuru yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Mwenye kitovu. Sijui ni wa kike au wa kiume. Pengine sasa hivi anatambaa huko, anavunja vikombe vya mama yake. Namwambia, wewe hunijui wala sikujui, lakini kazi ya mikono yangu ya leo ni yako." Akainamisha kichwa kwa haya. "Shangazi alinisikia, akadhani nina mimba."

Yapo mambo mtu anayoweza kuyabeba mwaka mzima, na yapo yasiyobebeka hata dakika moja zaidi. Niliutazama mkono wake juu ya wangu, nikajua nikishasema hautakuwepo hapo.

"Fundi, mfuko wako niliutayarisha mimi."

"Najua unatayarisha mifuko."

"Wako. Wa kumi na tisa. Hakuna mtoto, Fundi. Yalikuwa maji ya chumvi."

Hakulia. Aliuondoa mkono wake polepole akauweka mapajani, juu ya ule mwingine. Nje gari lilipita likirusha maji hadi kwenye mlango wa duka.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Ulipokuja na utepe mkononi."

"Siku ile nilicheza."

"Ndiyo."

"Nilicheza hapa, kati ya meza na mlango. Na wewe ukanipigia makofi."

"Nilipiga."

"Kwa hiyo wiki tano, kila nilipocheka, ulikuwa unajua."

"Ningekwambia ungetolewa kwenye utafiti. Miezi sita ikifika ungepewa seli za kweli. Nilikuwa nakulindia nafasi yako."

"Na kazi yako."

"Na kazi yangu," nikasema.

"Ahsante kwa kuliweka na hilo mezani." Alisema bila kejeli, ndiyo maana likaniingia. "Mimi maji nayasamehe, unajua? Niliweka saini. Waliniambia nusu kwa nusu, nikasema sawa. Maji hayana kosa. Lakini wewe ulikaa kwenye kiti hiki ukanitazama nikifurahi, kama mtu anayemtazama kipofu akielekea shimoni, na mfukoni una mkono wa kumshika."

"Nilikuwa natafuta njia ya—"

"Njia gani? Vidonge vipo kwenye rafu wiki zote hizi. Ungeuliza siku moja tu, umemeza? Mbona hukuuliza?"

Sikuuliza kwa sababu niliogopa jibu lingenilazimisha niseme. Huo ndio ukweli, nao ni mwembamba na wa aibu, na nilimwambia. Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama fundi anayeambiwa kifaa kilianguka wapi. Kisha akaniomba maji ya kunywa. Nikamletea glasi. Alipasua paketi, na sasa vidole vilikuwa vinamtetemeka, vile vile vilivyokaza skrubu nusu saa iliyopita. Akameza kama alivyoandikiwa, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na hapo ndipo alipolia.

Nilimgusa bega. "Usiniguse," akasema ndani ya viganja, na nikabaki nimesimama na mkono wangu hewani.

Mama aligonga saa tisa na dakika hamsini. Yeye huwahi kila mahali, hata mazishini. Aliingia akikunja mwavuli, amevaa gauni lake la heshima, kwapani ana kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya maua, na tabasamu analoliweka kwa siku maalumu.

"Hodi humu! Mvua hii ni ya baraka, msiitukane. Mkwe wangu, hebu inuka nikuone uso uli—"

Fundi aliinuka kwa heshima, akamwamkia. Mama akamwona macho.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Kaa kwanza."

"Sikai. Huyu kakufanya nini?"

"Mama, kabla hujasema lililokuleta, sikiliza langu. Mimi sijapona. Ile dawa sikupewa, nilitiwa maji ya chumvi. Nikajiona mzima, nikaacha vidonge vyangu ili uje unikute na uso mzuri. Sasa nadhani figo zinaumia." Alisema moja kwa moja, kama anayemweleza mteja kilichoharibika. "Sikutaka utoe baraka zako kwa mtu ambaye hayupo."

Mama akaweka kifurushi juu ya meza, kando ya ile simu iliyofunguliwa. Akanigeukia.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Siku niliyokuuliza kama anapona?"

"Nilijua, mama."

Nilitegemea kelele. Mama yangu ana sauti inayosikika mtaa wa tatu. Lakini alivuta kiti, akainama akamtazama Fundi miguu, akabonyeza kwa kidole pale pale nilipobonyeza mimi. Alipoinuka alikuwa amezeeka.

"Mimi sikumtaka binti huyu," akaniambia. "Nilimwambia usoni, mbele yako, akajua amesimama wapi. Wewe unampenda, ukamficha. Sasa niambie, mwanangu, kati yangu na wewe nani kamtendea ubaya?"

Akamgeukia Fundi.

"Umemeza vidonge?" akamuuliza Fundi.

"Sasa hivi."

"Vaa viatu vyepesi. Hivyo vitupe. Tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Nitakaa nawe mpaka wakuone, na wakikulaza nitalala kwenye kiti. Nimeshalala kwenye viti vibaya zaidi."

"Mama, nami nakuja," nikasema.

"Utakuja kama nani? Kama mchumba, au kama yule anayejaza mifuko?"

Fundi alikuwa anavaa kandambili. Aliufunga mkoba, akazima taa ya meza, akachukua mwavuli wake mweusi. Alifanya kila kitu taratibu, kwa mpangilio wake wa kila jioni, isipokuwa hakunitazama.

"Daktari lazima ajue leo," alisema, akiwa ameelekea mlangoni. "Kwamba nimeacha vidonge, na kwamba najua nilitiwa nini. Figo hazingoji maneno yetu."

"Utatolewa. Nafasi ya pili hutaipata."

"Najua."

"Nitampigia mimi," nikasema. "Nitamwambia yote. Huna haja ya kunificha."

"Sikuwa nafikiria kukuficha."

Mama alikuwa ameshafungua mlango na mvua inamlowesha bega moja. Fundi akamsimamisha kwa kumgusa mkono.

"Mama, ulikuja na jambo. Si vizuri uondoke hujalisema."

"Mwanangu, jambo hilo lingoje."

"Hapana, lisikiwe. Ulikuja kusema nini?"

Mama alinitazama mimi kwanza, kisha yeye. Sauti ilimkatika kidogo.

"Nilikuja kukuomba uwe mwanangu."

"Kuwa mwanao nakubali, mama. Tena nashukuru sana." Akavuta pumzi. "Kuwa mke wa huyu, sitaweza."

Mama hakumbembeleza. Alimfungulia mwavuli, akamshika kiwiko, wakashuka ile ngazi moja ya mlango pole pole, Fundi akitafuta ukuta kwa mkono wake wa kushoto. Walisimamisha teksi. Mama alimwingiza kwanza, akazunguka upande wa pili, na gari likaondoka bila yeyote kati yao kugeuka nyuma.

Nilibaki na mlango wazi. Nilipiga simu ya daktari mara mbili kabla hajapokea. Nilimwambia kwamba mgonjwa wa kumi na tisa yuko njiani anakuja, kwamba hajameza vidonge siku sita, kwamba miguu imevimba na mkojo una povu, na kwamba ajiandae. Kisha nikamwambia lile lingine, kwamba mgonjwa anajua alitiwa maji, na kwamba aliyemwambia ni mimi.

Nilisikia kalamu ya daktari ikiwekwa mezani.

"Wewe umejuaje hayo yote?" akauliza. "Huyu kumi na tisa ni nani wako?"

Wiki tano nilikuwa naliogopa swali hilo, nikilala nalo, nikiamka nalo, nikilitungia majibu marefu yenye sababu nzuri. Lilipofika, jibu lilikuwa la maneno matatu.

"Alikuwa mchumba wangu."